Pesa za PDM Zilifika, Mvua Ikiwa Imetangulia

Neno linalotembea vijijini kwetu Busia, upande wa Uganda, siku hizi ni "kulipa". Waliopewa shilingi milioni moja za PDM, mpango wa serikali wa kukopesha kaya za vijijini, katika awamu za mwanzo, mwaka 2022 na 2023, muda wao wa kusubiri umekwisha, na viongozi wa SACCO, vyama vya akiba na mikopo vya kila muluka, yaani eneo la vijiji kadhaa, wanapita nyumba kwa nyumba na madaftari mkononi. Mjini, redioni na kwenye simu, hukumu imeshatoka: wanakijiji wamekula pesa. Huyu kaoa, yule kaezeka, mwingine kalipa karo, na shamba liko vile vile. Wanaoipinga serikali wanaona hapo ushahidi kwamba PDM ilikuwa hongo ya kura tangu siku ya kwanza. Wanaoitetea wanaona ushahidi kwamba mkulima wetu bado hajabadilika fikra. Pande hizi hazikubaliani juu ya jambo lolote, ila hapa zimekutana: kosa ni la aliyepokea. Mimi nasema kosa liko kwenye kalenda. Ruzuku hii inatoka kwa kufuata mwaka wa hazina, na anayeipokea analima kwa kufuata mwaka wa mvua. Mpaka miaka hiyo miwili ioanishwe, tutaendelea kuwaita wezi watu waliofanya jambo la busara.

Kwanza tuite kitu kwa jina lake. PDM, mpango wa maendeleo unaoanzia kwenye muluka, ulizinduliwa na Rais Museveni wilayani Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Hesabu yake ni nyepesi: kila muluka unatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka wa fedha, na kwa kuwa miluka ya nchi nzima inapita 10,500, tunazungumzia zaidi ya shilingi trilioni moja kila mwaka. Pesa hizo haziendi kwa mkandarasi wala hazigeuzwi mbegu ghalani. Zinaingia kwenye akaunti ya SACCO ya muluka, na kutoka hapo kila kaya iliyochaguliwa inapata milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ikiwa na miezi 24 ya kupumua kabla ya kuanza kurudisha. Kwenye fomu imeandikwa mkopo. Lakini benki zetu za biashara zimekuwa zikikopesha kwa riba ya karibu asilimia 18 hadi 20, tena kwa mwenye hati ya kiwanja, na mwezi unaofuata wanataka chao. Tofauti kati ya mkopo ule na huu inabebwa na mlipakodi, na jina lake ni ruzuku. Zaidi ya hapo, anayerudisha harudishi Kampala. Pesa zinabaki ndani ya SACCO ili apewe jirani ambaye hajapata. Muluka wenye kaya mia nane au elfu moja unapata nafasi mia moja tu kwa mwaka, kwa hiyo aliye chini kwenye orodha anategemea aliye juu alipe. Hili watu wengi hawajaelezwa. Wanadhani wanadaiwa na Museveni, kumbe wanadaiwa na mama wa boma la pili.

Ni vizuri pia tukumbuke tulikotoka, maana wapo wanaozungumza kana kwamba serikali haijawahi kujaribu njia nyingine. Miaka ya 1990 kulikuwa na Entandikwa, mikopo midogo ambayo nyingi haikurudi. Mwaka 2001 ikaundwa NAADS, taasisi ya ushauri wa kilimo, kwa sheria ya Bunge, na wazo lake la kwanza lilikuwa zuri: mkulima apate ushauri kutoka kwa mtaalamu anayewajibika kwake. Baadaye NAADS ikageuka mgawaji wa vitu. Ikaja Bonna Bagaggawale, yaani "wote watajirike", kisha mwaka 2013 Operesheni ya Kujenga Utajiri chini ya Jenerali Salim Saleh, wanajeshi wakisambaza miche ya kahawa, machungwa na embe nchi nzima. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu katika miaka ile zilieleza jambo ambalo mkulima yeyote angelikueleza bila kutumwa: miche mingi ilifika nje ya msimu ikafa. Mche hausubiri. Ukifika Januari, jua likiwa kali na udongo umepasuka, unanyauka kwenye kifuko chake cha nailoni kabla shimo halijachimbwa, na kwenye vitabu vya serikali unaendelea kuhesabika kama mti.

Ndiyo maana PDM, pamoja na yote nitakayosema, ni hatua mbele. Kumpa mtu pesa ni kukubali kwamba yeye ndiye anayejua shamba lake. Anayeishi kwenye kichanga cha karibu na ziwa hapandi anachopanda wa bonde la mto Malaba, na hakuna afisa wa Kampala anayeweza kumchagulia. Pesa pia zinaziba mianya ya zabuni, ile biashara ya kununua mche kwa bei ya mchana na kuuandika kwa bei ya usiku. Kwa sasa zinapita kwenye simu, kwenye pochi ya Wendi ya Pearl Bank, iliyokuwa PostBank, na mpokeaji anaona mwenyewe kilichoingia. Hongo bado ipo. Kuna wanaodai "chai" ili jina liingie kwenye orodha, na viongozi kadhaa wamekamatwa sehemu mbalimbali za nchi kwa kukata pesa za watu. Hilo ni jambo la polisi na mahakama, na halina utata wa kuchambua. Utata uko kwenye pesa zilizofika zote, shilingi kwa shilingi, na bado hazikuzaa.

Sasa tazama kalenda. Mwaka wa fedha wa Uganda unaanza Julai. Bajeti inasomwa Juni, na wizara ya fedha inatoa pesa kwa robo mwaka, milioni 25 kwa muluka kila robo. Robo inapoanza, pesa haziko mkononi mwa mtu. Lazima zitolewe, ziingie kwenye akaunti za SACCO, vikundi vihakikiwe, orodha ziidhinishwe, majina yaingizwe kwenye mfumo, na mwenye kosa la herufi moja kwenye kitambulisho cha taifa arudi mwanzo. Huku kwetu mvua za kwanza zinaanza Machi, na mwenye kuchelewa kupanda wiki tatu ameshapoteza sehemu ya mavuno. Mvua za pili zinaingia Agosti mwishoni au Septemba. Maana yake mkulima anahitaji pesa katika miezi miwili ya mwaka: Februari, ili alimishe, anunue mbegu na awe tayari mawingu yakijikusanya, na Agosti, kwa sababu hiyo hiyo. Pesa za robo ya tatu zikikawia kidogo zinafika Aprili, mahindi ya wenzake yakiwa magotini. Za robo ya nne zinafika Juni, mahindi yamebeba. Mpango wenye masharti nafuu kuliko yote unaweza kumfikia mtu katika mwezi ambao hakuna kitu chochote cha kupanda.

Nina jirani, mama mjane ninayemwita shangazi, ambaye kwenye fomu aliandika mahindi na njugu. Alijiandikisha mwezi wa kumi na moja, akiwa na msimu wa Machi akilini. Ujumbe uliingia kwenye simu yake wiki ya pili ya Juni 2023. Alikuja kwangu asubuhi, simu imefungwa kwenye kona ya leso, akaniomba nimsomee kwa sababu kioo kilikuwa na ufa pale pale kwenye tarakimu. Nikamsomea mara mbili. Nikamuuliza, "Shangazi, sasa utapanda nini?" Akanitazama kwa upole wa mtu anayemwona mtoto aliyesoma sana. "Mwanangu, nipande nini, na mahindi ya watu yameshabeba?" Siku tatu baadaye alikuwa ameshapanga: shilingi 240,000 karo ya wajukuu wawili, maana muhula wa pili ulikuwa umefunguliwa na mmoja ameshafukuzwa, 260,000 mbuzi wawili majike, 336,000 mabati manane ya jiko lililokuwa linavuja juu ya gunia la mbegu, zilizobaki, 164,000, akaziweka kwenye kikundi chao cha akina mama. Agosti aliuza mbuzi mmoja, akalipa mwenye plau, akapanda eka moja ya mahindi kwa mvua za pili. Kwenye daftari la muluka, mbele ya jina lake, imeandikwa kwamba pesa zilitumika nje ya lengo.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito, na naiheshimu: kwa nini asizitunze? Kutoka Juni hadi Agosti ni wiki kumi. Milioni moja ikikaa kwenye simu wiki kumi, msimu wa pili unaikuta nzima. Mtu mwenye mshahara anaona jambo hili ni dogo. Lakini pesa zinazotulia ndani ya kaya isiyo na akiba zina wadai wengi kuliko pesa yoyote iliyo benki. Shule inamrudisha mtoto getini. Mgonjwa anatakiwa kwenda hospitali ya wilaya. Kaka anajua uliitwa, kwa sababu majina yalisomwa hadharani mbele ya mwenyekiti wa kijiji, LC1, na kijiji kizima, na kumwambia kaka huna wakati anajua unazo ni kuvunja undugu. Kwa hiyo mwenye akili hazitunzi zikiwa pesa. Anazigeuza kitu kisichokatika vipande, mbuzi, nguruwe, bati, ili mwezi wa nane apate kitu cha kuuza. Wapo waliotapanya, na sitawatetea. Kila kijiji kina mtu wa namna hiyo na kinamjua kwa jina. Ila wengi wa wanaoitwa watapanyaji walifanya kazi ambayo SACCO ingepaswa kuwafanyia: walizihifadhi pesa mpaka mvua.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa kuliko zote, kwamba tatizo ni fikra, kwamba mtu wa kijijini hana nidhamu ya deni. Imeingia hadi kwenye mpango wenyewe. Kubadili fikra ni moja ya nguzo saba za PDM, na makongamano yake yamekula posho nyingi. Waulize wanaosema hivyo kama wamewahi kukaa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa chini ya mwembe Jumapili alasiri. Kule mkulima huyo huyo anakopa kwa asilimia 10 kwa mwezi, si kwa mwaka, na analipa. Analipa kwa sababu mgawo uko Desemba, mavuno ya pili yameingia na Krismasi inakaribia. Kwa sababu sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Na kwa sababu kikundi chenyewe ndicho kilichochagua tarehe. Mwezi wa nne hakuna kikundi chenye busara kinachodai deni kubwa, maana kila mtu anajua ghala liko tupu na kila kilichokuwepo kimezikwa ardhini. Mtu anayelipa asilimia 10 kwa mwezi kwa majirani zake na kushindwa asilimia 6 kwa mwaka kwa serikali hana upungufu wa nidhamu. Alichokosa ni deni lililopangwa na mtu anayejua lini ana pesa.

Hoja ya hongo ya kura ina uzito zaidi. Hakuna anayeweza kukana kwamba pesa hizi zilitajwa kwenye kila jukwaa kuelekea uchaguzi wa Januari 2026, na kwamba mkulima aliambiwa mambo mawili kwa wakati mmoja: sikio moja, hii ni mikopo, mtarudisha, sikio lingine, hii ni asante ya Mzee Museveni kwenu. Mtu akipewa asante harudishi, na akirudisha anaonekana mjinga. Wanasiasa wa pande zote walioipigia debe PDM kana kwamba imetoka mifukoni mwao wameiharibu kuliko mkulima yeyote aliyenunua mabati. Lakini wanaoishia hapo wanajizuia kuona mbele. Tuseme kampeni zimepita na kila mtu ameelewa kwamba ni mkopo wa jirani kwa jirani. Je, zikifika Juni zitazaa mahindi? Siasa inaeleza kwa nini mtu hataki kulipa. Haielezi kwa nini hana cha kulipia.

Sisi wa mpakani tuna bahati mbaya ya kulinganisha kila siku. Ukivuka kwenda Busia ya Kenya unakuta serikali ya huko tangu 2022 imechagua njia nyingine, mbolea ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 ukishushwa hadi shilingi 3,500 za Kenya na baadaye 2,500. Wengi upande wetu wanaisifu kwa sababu mbolea hailipi karo wala haiezeki nyumba. Ni kweli, na mavuno yanaonekana pale inapofika kwa wakati. Lakini mbolea nayo ina msimu wake, na wenzetu wamewahi kulala foleni kwenye maghala huku mvua imeshaanza, na mwaka 2024 wakakumbwa na kashfa ya mbolea bandia ndani ya mpango huo huo wa ruzuku. Sisi wenyewe tulijaribu kitu cha kati kupitia mradi wa mazao uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo mkulima alichangia theluthi moja ya gharama ya mbegu na mbolea msimu wa kwanza na serikali ikaweka theluthi mbili, kwa vocha ya simu. Kuchangia kulimfanya mtu achague kwa makini. Bado kama mbegu haiko dukani Februari, vocha haina kazi. Kwa hiyo swali la pesa au mbolea, ambalo wachumi wetu wanalipenda, mimi naliona la pili. La kwanza ni lini.

Kalenda inauma pia upande wa pili, wakati wa kurudisha, na huko ndiko tunakoelekea sasa. Muda wa kupumua ni miezi 24 kwa karibu kila mtu, lakini mimea haina saa moja. Anayelima njugu amevuna mara nne ndani ya miezi hiyo. Aliyepanda kahawa, ambayo serikali hiyo hiyo imemhimiza aipande kwenye ule mpango wa kugawa eka nne kwa kahawa, matunda, malisho na chakula, anangoja karibu miaka mitatu kupata mavuno yenye maana. Deni lake linaiva kabla ya buni. Aliyefuga nguruwe angekuwa amelipa mapema, ila homa ya nguruwe ikipita kijijini inazoa banda zima kwa wiki moja, na haina dawa. Anayelima mahindi anavuna Julai pamoja na kila mtu mwingine, na bei inaanguka siku ile ile. Tuliyaona hayo mwaka 2018, bei ilipoporomoka mpaka watu wakaacha mahindi yakioza. Tukayaona tena Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu na malori yakasimama hapa mpakani. Zuio lile liliondolewa baada ya siku chache, lakini mlanguzi alikuwa ameshapata sababu ya kushusha bei, na sababu hiyo anaitumia hadi leo: anachukua punje kiganjani, anauma moja, anatikisa kichwa, anasema mbichi hii. Mwenye turubai na mahali pakavu pa kuhifadhia angengoja Septemba. Asiye navyo anauza kwa bei ya aliyeuma punje.

Hapo ndipo nguzo zile saba zinapopaswa kuulizwa kwa haki. Nguzo ya kwanza ya PDM ni uzalishaji, uhifadhi, usindikaji na masoko. Ya pili ni miundombinu. Ujumuishaji wa kifedha, yaani hii milioni moja, ni ya tatu. Kilichofika kijijini kwanza na kwa nguvu ni ile ya tatu peke yake. Ghala la muluka liko wapi? Mashine ya kukausha? Na bwana shamba je? Kiwango kinachotakiwa ni afisa ugani mmoja kwa wakulima 500. Hesabu inayotajwa na wizara ya kilimo kwa miaka mingi ni mmoja kwa karibu 1,800. Mwaka 2014 mfumo wa ugani wa NAADS ulivunjwa na maafisa wake wengi wakapoteza kazi, na mpaka leo pengo lile halijazibwa. Afisa aliyebaki anahudumia gombolola zima, yaani miluka kadhaa, kwa pikipiki moja ambayo mafuta yake yanaletwa kwa robo mwaka, nayo yanachelewa kama kila kitu kingine. Ndiyo maana viwavijeshi vikiingia shambani, mkulima anamwuliza muuza duka la pembejeo, na muuza duka anampa alichonacho.

Kama hoja yangu ni sahihi, mambo kadhaa yanafuata, na mengi hayahitaji sheria mpya wala shilingi ya ziada. Wizara ya fedha haitabadili robo zake kwa ajili ya muhogo, na haina haja. Pesa ziendelee kutoka kwa robo, zikae kwenye akaunti ya SACCO ya muluka, na SACCO ifungue dirisha mara mbili kwa mwaka: kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari, na kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Kaskazini, ambako mvua ni za msimu mmoja mrefu, dirisha liwe moja na liwekwe na wenyewe. Uhakiki wote, vitambulisho, picha, mafunzo, vimalizike kabla dirisha halijafunguliwa. Atakayesema pesa zikikaa kwenye akaunti zitaibiwa ana hoja, tumeshaona hayo. Lakini akaunti iliyo kwenye mfumo inaonekana wilayani na Kampala siku yoyote, na kuiba milioni 50 zilizotulia mahali pamoja ni hatari kwa mwizi kuliko kumega elfu hamsini hamsini kutoka kwa akina mama mia moja. Jambo la pili, mfugaji ambaye anahitaji pesa Juni apewe Juni. Mbuzi hangoji mvua. Fomu iwe na mstari mmoja unaouliza: pesa hizi unazitaka mwezi gani? Ni ajabu kwamba mpango wa trilioni moja kwa mwaka hauna swali hilo.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni namna madeni ya sasa yatakavyodaiwa. Kuna viongozi wilayani wanaozungumza kwa hasira, wanataka polisi waingie, mali zishikwe, majina yabandikwe kwenye mti wa soko. Naelewa hasira yao, wanabanwa kutoka juu. Lakini ukimdai mkulima Machi atauza mbegu. Ukimdai Aprili atauza ng'ombe wa plau, au atakodisha kipande cha shamba kwa miaka miwili kwa bei ya kutupa ili alipe deni la mwaka mmoja. Utapata pesa zako, na utakuwa umemrudisha kwenye ule uchumi wa kulimia tumbo ambao PDM ilikuja kumtoa. Ruzuku itakuwa imetumika kumfanya maskini zaidi, na vitabu vitaonyesha urejeshaji mzuri. Mwenye njugu na mahindi adaiwe Agosti na Januari, nusu kwa nusu. Mwenye kahawa aongezewe muda mpaka buni iive. Aliyefiwa na nguruwe wote, na kijiji kinashuhudia, SACCO ikae naye ipange upya. Aliyetapanya, kijiji kinamjua, naye afuatwe kama mtu anayewanyima majirani zake zamu yao.

Wiki iliyopita shangazi aliniletea karatasi ya kumwita kwenye mkutano wa muluka. Imepigwa muhuri, na chini wameandika kiasi anachopaswa kuanza kulipa na tarehe ya mwisho, tarehe 15 Aprili. Eka yake ameshapanda, mahindi katikati na njugu pembeni, na palizi ya kwanza ataifanya karibu na tarehe hiyo hiyo. Aliniuliza kama naweza kumwandikia barua ya kuomba asogezewe hadi mwezi wa nane. Nimeiandika, ukurasa mmoja na nusu, na kesho asubuhi tunaipeleka pamoja kwa chifu wa muluka.